Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Azimio la Dunia hadi Bajeti ya Wilaya

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati za watumiaji maji, mafundi pampu, na wenzetu wa Kenya mliovuka mpaka wa Malaba na Busia kuja Uganda kutusikiliza: karibuni.

Hesabu za mwaka atawasomea mhazini, kwa hiyo fedha nitazigusa pale tu zinapoihusu kazi. Taarifa hii ni juu ya jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani jinsi maazimio ya dunia kuhusu maji yanavyofika kisimani, na kwa nini mengi yanakwama njiani. Msimamo wa kamati tendaji ni kwamba azimio haligeuki kazi mpaka lipate kifungu kwenye bajeti ya wilaya, lipate ofisi inayowajibika kwalo, na lipate kipimo ambacho wote wanaotumia maji hayo wanakisoma kwa namna moja. Likikosa kimojawapo, linabaki kwenye makabati.

Upande wa dunia nitapita haraka. Lengo la 6 la Maendeleo Endelevu, linalohusu maji safi na usafi wa mazingira, lilipitishwa mwaka 2015. Mkutano wa Maji wa Umoja wa Mataifa uliofanyika New York tarehe 22 hadi 24 Machi 2023, wenyeji wenza wakiwa Uholanzi na Tajikistan, ulikusanya ahadi zaidi ya 700. Ahadi hizo ni za hiari. Aliyeahidi asipotekeleza, hakuna chombo cha kumwita ajieleze. Mkutano unaofuata umepangwa kufanyika Desemba 2026 katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa ushirikiano na Senegal. Ahadi hizi zina faida kwetu tukizitumia kama hoja mbele ya madiwani. Tukizisubiri zije zenyewe, hazitakuja.

Lenye uzito zaidi kwetu ni Mkataba wa Mfumo wa Ushirikiano wa Bonde la Nile. Ulifunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010, na ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kukamilisha idadi ya nchi sita zinazohitajika kuuridhia. Misri na Sudan hazimo, na hilo ni pengo kubwa ambalo hakuna wilaya inayoweza kuliziba. Lakini kwa nchi zilizomo, Uganda ikiwa mojawapo, kubadilishana takwimu za maji mara kwa mara sasa ni wajibu wa kimkataba. Takwimu hizo haziandikwi Entebbe. Zinaandikwa na msomaji wa kipimo cha usawa wa maji anayeshuka mtoni asubuhi na jioni akiwa na daftari.

Wanachama wengine huuliza kama sera ya kimataifa imewahi kuwa kazi ya kila siku katika nchi hii. Imewahi, na iko Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, makubaliano na Misri yaliambatana na mchoro unaoonyesha maji kiasi gani yatolewe kwa kila usawa wa ziwa, ili Nile itiririke kama ilivyokuwa ikitiririka kabla ya ukuta kujengwa. Wahandisi wanauita Mkunjo wa Makubaliano. Misri iliweka mhandisi wake Jinja wa kufuatilia utoaji huo. Angalieni ubora wa mpango huu: anayefungua lango hahitaji kusoma mkataba, anasoma usawa wa ziwa asubuhi kisha anaangalia mchoro. Na mchoro ulipokiukwa, matokeo yalionekana. Ziwa Victoria lilishuka sana hadi mwaka 2006, sehemu kwa sababu ya ukame na sehemu kwa sababu maji yaliyotolewa yalizidi yale yanayoruhusiwa.

Jinja inatufundisha jambo jingine ambalo wasomaji wetu wa vipimo walishike vizuri. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42, likapita rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Tarakimu hiyo si kina cha ziwa, maana penye kina kirefu Victoria linafika kama mita 80. Ni usomaji kutoka sifuri ya kipimo cha Jinja, na kila kituo kina sifuri yake. Usomaji usio na jina la kituo wala sifuri yake haulinganishwi na wa jirani hata kama umeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Nije kwenye bonde letu la Sio, Malaba na Malakisi. Maji yanashuka kutoka Mlima Elgon, yanakata mpaka wa Kenya na Uganda, kisha Malaba inaelekea Ziwa Kyoga na Sio inaingia Victoria. Umoja wa Mataifa unapotathmini kama nchi mbili zinashirikiana kweli katika bonde la pamoja, unauliza mambo manne: kuna chombo cha pamoja? Kinakutana angalau mara moja kwa mwaka? Kuna mpango wa pamoja, au mipango miwili iliyooanishwa? Takwimu zinabadilishwa angalau mara moja kwa mwaka? Yote manne yakiwepo ndipo eneo la bonde linahesabiwa kuwa na ushirikiano. Swali la nne ndilo ambalo watu wa ngazi yetu wanaweza kulijibu kwa mikono yao, na ndiyo maana tulielekeza nguvu huko.

Tulipoweka madaftari ya pande mbili mezani pamoja na wenzetu wa vyama vya watumiaji maji vya Kenya, makosa yalijirudia. Siku ambazo msomaji hakwenda mtoni zilijazwa kwa kukadiria, na makadirio yanaficha hasa siku za mafuriko, kwa sababu ndizo siku ambazo njia haipitiki. Saa haikuandikwa, na mto unaotoka mlimani unaweza kupanda na kushuka kati ya asubuhi na jioni. Lingine ni gumu zaidi: mafuriko yanapohamisha mchanga, usomaji uleule wa kipimo hauna tena maana ya kiasi kilekile cha maji, kwa hiyo lazima mtiririko upimwe upya kabla jedwali la zamani la kugeuza usomaji kuwa kiasi cha maji halijaendelea kutumika. Tumekubaliana kwamba siku isiyosomwa iachwe wazi na sababu iandikwe pembeni, saa iandikwe, usomaji uwe wa sentimita, na baada ya kila mafuriko makubwa ofisi ya kanda ya usimamizi wa maji iarifiwe ije kupima. Kwa upande wetu wa bonde, anayehusika ni Kanda ya Kyoga kwa mto Malaba na Kanda ya Victoria kwa mto Sio. Mkipeleka barua ya Malaba Kanda ya Victoria itazunguka tu.

Kingo za mto nazo zilitupa kazi. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye jedwali lake na mita 30 kwa mingine. Kenya inaanzia mita 6 hadi 30. Mkulima wa huku anazuiwa kulima mahali ambapo jirani yake wa ng'ambo analima kihalali, wakitazamana. Hatuwezi kubadilisha sheria za nchi mbili, lakini hakuna sheria inayokataza kuhifadhi zaidi ya inavyodai. Pendekezo letu kwa kamati za pande zote ni mita 30 kila upande kwenye maeneo ya kupanda miti na majani ya mifugo, tukianza penye mmomonyoko mkubwa. Majani ya kukata na kulisha ng'ombe yamepokelewa vizuri kuliko miti peke yake, kwa sababu mkulima anapata kitu kabla mwaka haujaisha.

Sasa pampu. Hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo ahadi nyingi za kimataifa zinapofia.

Kwa hesabu ya dunia, kisima cha pamoja kinahesabiwa huduma ya msingi iwapo kwenda, kupanga foleni na kurudi hakuzidi dakika 30. Zikizidi, huduma inashuka daraja. Foleni imo ndani ya hesabu, wanachama. Uganda inapanga watu 300 kwa pampu moja ya mkono. Pampu moja ikiharibika, watu wake wanahamia kwa jirani, foleni inakuwa maradufu, na vijiji viwili vinashuka daraja kwa siku moja. Na huduma inayosimamiwa kwa usalama, ambayo ndiyo lengo la mwaka 2030, inataka maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na uchafu wa kinyesi wala kemikali hatari. Pampu ya kijiji, hata iwe nzuri vipi, haifikii kigezo cha kwanza. Ndiyo sababu tarakimu za wilaya na za Umoja wa Mataifa hazifanani, na wala hakuna aliyedanganya.

Adui mkubwa wa pampu zetu ni kutu. Maji yenye pH (kipimo cha uchachu) chini ya 6.5 yanakula zinki iliyopakwa kwenye mabomba na kwenye rodi zinazovuta pistoni, kisha yanaanza chuma chenyewe. Dalili mnazijua: maji ya kahawia asubuhi, nguo nyeupe zinazogeuka rangi, chai inayokuwa nyeusi. Watu wanakiacha kisima na kurudi kwenye chemchemi isiyolindwa, na kwenye orodha ya wilaya kisima hicho bado kinaandikwa kuwa kinafanya kazi.

Kabla ya kulaumu ardhi, pimeni hivi. Chukueni sampuli ya maji ya kwanza alfajiri kabla mtu hajapampu, pimeni chuma. Pampuni mfululizo kwa saa moja hivi, chukueni sampuli ya pili. Chuma kikishuka sana, tatizo ni mabomba. Kikibaki juu, chuma kinatoka kwenye mwamba, na kubadilisha mabomba ni kupoteza fedha. Hapo mnahitaji kichujio au chanzo kingine.

Ikiwa ni mabomba, msirudishe ya zinki. Wizara ilishasitisha matumizi yake kwenye visima, lakini bado yanaonekana madukani kwa sababu ni rahisi. Pampu ya mkono ya aina ya U3M yenye mabomba ya plastiki ya uPVC na rodi za chuma kisichoshika kutu ndiyo njia ya kufuata. Silinda yake iko wazi juu, kwa hiyo fundi anavuta pistoni na kubadilisha mipira bila kung'oa bomba lote. Kwa pampu ya mkono ya aina ya U2 ya mita 45, kazi hiyohiyo inamaanisha kung'oa mabomba 15 ya mita tatu tatu. Na mjihadhari na rodi bandia. Sumaku haitoshi kuzitambua, kwani kuna vyuma vya bei nafuu vyenye manganizi nyingi ambavyo havishiki sumaku na bado vinakula kutu. Dai cheti cha kiwandani kinachotaja daraja la chuma kisichoshika kutu, 304 au 316, na liandike daraja hilo kwenye hati ya ununuzi kabla ya kulipa. Wafadhili kadhaa wa nje wamekubali kuliweka sharti hili kwenye mikataba yao na wilaya, na hayo ndiyo mafanikio ya mwaka ninayojivunia zaidi kwa niaba yenu.

Kilichobaki ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai Uganda na Kenya pia, na hiyo ni bahati tusiyoitumia ipasavyo. Kwetu, hoja iingie kwenye mipango ya parokia (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) na kaunti ndogo kabla ya mkutano wa bajeti wa wilaya, unaofanyika Oktoba au Novemba. Baada ya hapo makadirio yanapelekwa, na kufikia mwisho wa Mei bajeti inapitishwa. Ombi la matengenezo linalofika Februari limechelewa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya ruzuku ya maji inaelekezwa kwenye visima vipya, hivyo ombi la ukarabati lisiloambatana na namba ya kisima, pH, kina, idadi ya watumiaji na makadirio ya fundi haliwezi kushindana. Afisa Maji wa Wilaya anaitisha kamati ya uratibu kila robo mwaka. Hakikisheni kila kaunti ndogo ina mjumbe wetu ndani ya chumba hicho.

Kwa mwaka ujao kamati tendaji inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: kununua vifaa vya kupimia pH na chuma vitakavyokaa kwa mafundi na kuzungushwa, na kufanya ukaguzi wa pamoja wa madaftari ya mto na wenzetu wa Kenya mwezi Agosti, kabla msimu wa bajeti haujaanza. Fomu za taarifa ya kisima ziko kwa katibu. Kila kamati ichukue moja kwa kila pampu, na zirudishwe zikiwa zimejazwa kabla ya mwisho wa Septemba, zikiwa na sahihi ya fundi na ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya Kamati Tendaji