Aspirini si kinga ya safari ndefu ya ndege

Ndugu Mhariri,

Swali linaloulizwa sana madukani mwa dawa na wanaojiandaa kwa safari ya mbali ni hili: nimeze aspirini ngapi kabla ya kupanda ndege ili damu isigande? Jibu ni hata moja, isipokuwa kwa yule ambaye daktari alikwisha mwandikia kwa ajili ya moyo au kiharusi. Huyo aendelee na dozi yake ile ile, asiongeze.

Sababu iko kwenye aina ya mshipa. Aspirini huzuia chembe sahani za damu zisishikamane, na chembe hizo ndizo zinazoongoza bonge la damu iliyoganda linapotokea kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, kule damu inakopita kwa kasi. Bonge la msafiri hujijenga kwenye vena za ndani za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, mahali damu imezubaa, na sehemu kubwa yake ni nyuzi za faibrini, protini ya kugandisha damu, zilizonasa chembe nyekundu. Kwa hiyo kinga ya aspirini hapo ni hafifu, na madhara yake yapo pale pale: tumbo kuvuja damu, na kwa anayeondoka Dar es Salaam au Mombasa wakati wa mlipuko wa dengi huku homa ikimnyemelea, kutokwa damu kunaweza kuwa kubaya zaidi.

Moyo hauwezi kuipandisha damu ya mguuni peke yake. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu: ikikaza huzibana vena, damu hupanda, na vali, vilango vidogo vilivyomo ndani, huizuia isirudi chini. Ukikaa umekunja magoti kwa takriban saa 15, kama kwenye ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, pampu hiyo imezimwa, na ukingo wa kiti unabana vena nyuma ya goti. Wala si ndege tu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya kukaa saa 4 au zaidi, hata kwa basi, treni au gari. Anayekwenda Bukoba kwa basi kutoka Dar es Salaam naye yumo. Kwa mwenye afya njema hatari ni kama mtu 1 kati ya 6,000, kwa hiyo hakuna sababu ya kuahirisha safari kwa woga.

Cha kufanya hakina gharama. Omba kiti cha kando ya njia. Wa dirishani huona haya kuwaamsha wenzake na hubaki ameketi usiku kucha. Begi liwekwe juu, maana chini ya kiti cha mbele linakula nafasi ya miguu. Kila nusu saa ukiwa macho, inua visigino vidole vikiwa sakafuni, kisha inua vidole visigino vikiwa chini, mara 20 hadi 30, mpaka uhisi shavu la mguu linakaza. Kutikisa goti hakutoshi. Kila saa mbili hivi simama utembee, taa ya mikanda ikiwa imezimwa. Vidonge vya usingizi na pombe ndivyo vya kuogopa, kwani humlaza mtu saa nyingi bila kujigeuza.

Wapo wasiotoshelezwa na hayo: aliyewahi kupata bonge, aliyefanyiwa upasuaji majuzi, mwenye saratani, mjamzito, aliyejifungua ndani ya wiki 6, mwenye selimundu, mnene sana, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, hasa mambo haya yakikutana mawili kwa mtu mmoja. Hawa wamwone daktari mapema. Baadhi huandikiwa sindano ya kuzuia damu kuganda, wengi soksi maalumu za kubana zinazofika chini ya goti, zenye mgandamizo wa milimita 15 hadi 30 za zebaki (mmHg, kipimo kinachoandikwa kwenye soksi hizo) kwenye kifundo, ukipungua kuelekea juu. Hapa ndipo watu hukosea. Hununua kwa namba ya kiatu, ilhali hupimwa kwa futikamba, asubuhi kabla mguu haujavimba: mzingo wa kifundo palipo pembamba, na wa shavu la mguu palipo panene. Ikiwa ndefu huikunja juu, na mkunjo huo hugeuka kamba inayofunga mshipa. Mwenye ateri za miguu zilizoziba, au kisukari kilichoua hisia za nyayo, asizivae bila ruhusa ya daktari.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo na kunywea baada ya siku moja ni kawaida. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, hata wiki 4 baada ya kufika, usiuchue kwa mafuta wala kuupeleka kwa mkandaji. Bonge linaweza kung'oka likakimbilia mapafuni. Nenda upimwe kwa altrasaundi: mshipa usio na bonge hubonyea ukikandamizwa, wenye bonge haubonyei. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa au ukikohoa damu, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na mtajie daktari safari yako, ilikuwa lini na ya saa ngapi, maana wiki tatu zikishapita huenda asikumbuke kuuliza.

Mfamasia,
Dar es Salaam