Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, na neno kwa wanaokaa katikati

Ndugu, jamaa na marafiki, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Najua salamu zangu zinawafikia kila mwaka kama bili ya umeme, vumilieni tu.

Mwaka ulikuwa mgumu jamani. Bei zimepanda mpaka mtu unaingia dukani, unasalimia, unatoka. Inanikumbusha 2022, vita ya Ukraine ilipofunga bandari za Bahari Nyeusi na ngano ikapaa dunia nzima, hadi Umoja wa Mataifa (UN) na Uturuki wakazikalisha pande zote mbili Istanbul, Julai 22 wakasaini, na meli zikatoa karibu tani milioni 33 za nafaka kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Vita haikusimama hata siku moja ila meli zilipita, na mimi hiyo naihesabu.

Naandika haya kwa sababu kaka hayupo Krismasi hii. Tulimzika mwezi wa tano, maradhi tu. Wengi mnamkumbuka kwa bereti yake ya bluu, ile ya askari wa UN wa kulinda amani. Alipokuwa misheni alimpigia mama simu Krismasi jioni, sauti inachelewa, unasema haloo unasubiri, mara mnaongea wote pamoja halafu wote mnanyamaza. Nikamuuliza siku moja, huko mnafanya nini hasa? Akasema, "Tunakaa katikati." Yaani kutwa kwenye kizuizi cha barabara anaandika magari kwenye daftari, upande huu wanamtukana kwamba anapendelea wale, upande ule nao wanamtukana hivyohivyo. Bereti iko juu ya kabati, mama hataki iguswe, hata vumbi anafuta mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akisema UN haina kazi huwa nanyamaza kwanza, maana nusu ana haki. Rwanda 1994, mauaji yana wiki mbili tu, Baraza la Usalama likapiga kura kupunguza kikosi kutoka askari kama 2,500 hadi 270. Kupunguza! Na hayo hawakuamua waliokuwa kwenye vizuizi vya barabara, waliamua wakubwa New York, ambako zile nchi tano zenye kura ya turufu moja ikikataa basi, wengine 14 hata wakubaliane vipi haisaidii. UN haina jeshi lake, nchi ndo zinachangishana askari, zisipotaka hakuna kitu. Tunamtukana aliyetumwa, aliyemtuma tunamwacha.

Halafu tazameni hii. Bosi wa idara ya ulinzi wa amani ya UN mwaka ule alikuwa Kofi Annan. Miaka 14 baadaye huyohuyo, safari hii kwa niaba ya Umoja wa Afrika, akaenda Nairobi na Mama Graça Machel na Mzee Mkapa, mamia ya watu wameshakufa baada ya uchaguzi, akawaweka mezani watu wa Rais Kibaki na wa mpinzani wake Raila wiki baada ya wiki mpaka Februari 28, 2008 wakubwa wenyewe wakasaini makubaliano. Hakuwa na bunduki hata moja. Nadhani 1994 ilikuwa haijamtoka kichwani, ila hayo ni mawazo yangu.

Basi ndugu zangu, wale ambao hamsalimiani mwaka wa tatu sasa kwa ajili ya urithi (mnajijua), tafuteni mtu akae katikati yenu, na akija msimuulize yuko upande wa nani, mpeni kiti, mpeni muda, msitake amalize kwa siku moja ugomvi mlioulea miaka. Na tukiomba leo tuwataje na walio misheni, wenzao zaidi ya 4,000 wameshapoteza maisha tangu 1948, na wapo watakaosherehekea na daftari mkononi.

Mungu awajalie afya, riziki na amani, mwaka ujao uwe wa neema. Mama anawasalimu sana. Mkitaka kumpigia pigeni mapema, jioni simu anaizima.