Anayekwenda Delhi aangalie mwezi kabla ya nauli

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo ambalo wasafiri wengi wa kwetu hulijua wakiwa wameshatua: hewa ya Delhi. Watu wa Tanzania na Kenya huenda mji ule kwa matibabu ya moyo, figo na saratani, kwa masomo, kwa kununua vitambaa na dawa, na wachache kwa matembezi ya kwenda kuiona Taj Mahal kule Agra. Wakati wa kupanga safari huuliza nauli, viza, hoteli na mkalimani. Mwezi hauulizwi. Wakati mwezi ndio unaoamua kama mgeni atatembea kwa raha au atakaa chumbani akikohoa.

Tuanze na namba, maana bila namba hapa tutabaki kwenye picha za mitandaoni. Kinachodhuru zaidi ni chembe laini ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Delhi wastani wake wa mwaka hukaribia 100. Lakini wastani huo unaficha mambo. Siku nyingi za Agosti, mvua za masika ya kule zikiwa zimeosha anga, PM2.5 huwa chini ya 50. Katikati ya Novemba hupita 250, na kuna siku huenda mbali zaidi. Mji ni uleule, hospitali ni ileile, hewa ni nyingine kabisa.

Kwa nini Novemba? Sababu ni kadhaa na zinakutana. Majimbo ya Punjab na Haryana, kaskazini-magharibi mwa Delhi, hulima mpunga kisha ngano katika shamba hilohilo. Mwaka 2009 Punjab ilipitisha sheria ya kuokoa maji ya ardhini iliyowazuia wakulima kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni. Nia ilikuwa njema, ila mavuno nayo yakasogea hadi mwisho wa Oktoba, na mkulima akabakiwa na siku chache mno za kuondoa mabua kabla ya kupanda ngano. Njia ya haraka na isiyo na gharama ni kiberiti. Moshi huo husafiri hadi Delhi wakati upepo umeshapungua nguvu na usiku umeanza kuwa wa baridi. Hewa ya baridi hubaki chini, hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na kila kinachotoka kwenye magari, matanuri ya matofali, viwanda, majengo yanayojengwa na takataka zinazochomwa hukosa pa kutokea. Fataki za Diwali huongezea juu yake. Mabua yakiisha, mwanzoni mwa Desemba, moshi wa mji wenyewe hubaki, na kuanzia nusu ya pili ya Desemba hadi Januari unakuja ukungu. Unyevu huganda kwenye chembe zile, na ukungu wa namna hiyo hukawia kuondoka.

Wageni wa mataifa mengine walishaanza kuamua kwa kuangalia hewa. Novemba 2017 shirika la ndege la United lilisitisha kwa siku chache safari zake kutoka Newark kwenda Delhi kwa sababu ya moshi. Mwezi huohuo balozi wa Costa Rica aliugua kifua akahamia Bengaluru, kusini mwa India, kwa muda. Desemba ya mwaka ule wachezaji wa kriketi wa Sri Lanka walicheza wakiwa wamevaa barakoa, na mechi ikasimama mara kadhaa. Tarehe 18 Novemba 2024 kipimo rasmi cha ubora wa hewa kilifika 494 kwenye mizani inayoishia 500, ambapo namba kubwa ndiyo hewa mbaya, na ndege kadhaa zikapelekwa Jaipur kwa sababu marubani hawakuona njia. Leo hata maelezo ya safari ambayo serikali ya Uingereza huwapa raia wake yanautaja moshi wa Delhi.

Tatizo ni kwamba wasafiri wengi wanaamua kwa jina la nchi nzima. Mtu anaona picha ya Delhi, anafuta safari ya Kerala, jimbo la kusini kabisa. Kochi, iliyoko Kerala, na Chennai ziko pwani, upepo wa bahari unazipiga, na kutoka Delhi hadi Chennai kwa ndege ni zaidi ya kilomita 1,700. Chennai ina hospitali kubwa zinazopokea wagonjwa kutoka Afrika Mashariki. Kero yake ya Oktoba hadi Desemba ni mvua kubwa na mafuriko ya barabarani, si moshi wa mabua. Mumbai, ambako kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, huchafuka Desemba na Januari, ila kwa kawaida haifiki pabaya kama Delhi. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu anayetakiwa kwenda India Novemba ana hiari. Amwulize daktari wake kama huduma anayoihitaji inapatikana Chennai, Bengaluru au Hyderabad.

Kama lazima iwe Delhi na matibabu yanaweza kungoja, mfano kubadilisha nyonga au kupimwa tena baada ya mwaka, mwisho wa Februari hadi Machi ni wakati mzuri. Baridi imekwisha, joto kali halijaanza, na hewa inakuwa imepungua uchafu ingawa haijawa safi. Mei na Juni kuna vumbi la jangwani na joto linaloweza kupita nyuzi 45. Julai hadi Septemba ndiyo hewa safi kuliko zote, kwa gharama ya mvua na foleni. Lakini saratani, moyo unaofeli na figo havingoji Machi. Huyo asafiri, ajiandae. Tunasisitiza hili kwa sababu kuchelewesha tiba ya saratani kwa kuogopa moshi ni kukimbia hatari ndogo na kuikumbatia kubwa.

Familia nyingi hazilijui jambo moja la gharama. Mgonjwa akifika kifua kikambana, akawa anakohoa na ana homa, daktari wa usingizi anaweza kuahirisha upasuaji hadi apone. Siku hizo zote hoteli inalipwa, chakula kinalipwa, msindikizaji yupo, na tiketi ya kurudi inabadilishwa kwa faini. Bima nyingi za safari hazirudishi fedha kwa sababu ya hewa chafu peke yake, ndege ikiwa imeruka. Kwa hiyo anayekwenda kati ya Oktoba na Januari anunue tiketi inayobadilishika, na kwenye bajeti aweke akiba ya angalau wiki moja. Achague ndege inayotua mchana. Zinazotua kati ya saa kumi alfajiri na saa nne asubuhi ndizo zinazokwamishwa sana na ukungu. Mwenye ndege ya kuunganisha aache nafasi ya saa nne au zaidi.

Barakoa wengi hukosea. Ile ya bluu ya hospitali haibani uso, hewa huingia pembeni. Inayofaa ni N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe, au FFP2, asilimia 94. Ichague yenye mikanda miwili inayopita nyuma ya kichwa, kwa sababu ya kuning'iniza masikioni hulegea. Ukishavaa, bana waya puani kwa vidole vya mikono yote miwili, funika barakoa kwa viganja, kisha pumua nje kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, haijakaa. Ndevu huharibu kila kitu, hata fupi. Ikilowa au ikianza kukupa taabu ya kuvuta pumzi, tupa. Na ieleweke kwamba haizuii gesi, bali chembe tu. Mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu amwulize daktari kabla ya kuivaa, kwa kuwa inaongeza kazi ya kupumua.

Chumba nacho kina hesabu yake. Kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ya chumbani na hakichuji chembe laini, hivyo ubaridi usikudanganye. Uliza hoteli kabla ya kulipa: mnayo mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa chembe laini? Chumba cha mita 20 za mraba chenye dari ya mita 2.8 kina mita za ujazo 56. Ili hewa yote ipite kwenye kichujio mara tano kwa saa, mashine iwe na uwezo wa mita za ujazo 280 kwa saa. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko chake. Mashine ndogo ya mezani haiwezi. Ziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo, madirisha yafungwe, na udi na ubani viachwe nyumbani pamoja na dawa ya mbu ya kuchoma, maana vyote vinatoa chembe zilezile mnazozikimbia.

Saa za kutoka pia zina maana. Hewa huwa mbaya zaidi usiku wa manane hadi asubuhi, kisha jua likipasha ardhi moto uchafu hupanda na kutawanyika. Kati ya saa saba mchana na saa kumi jioni ndipo pa kwenda sokoni au kwenye miadi. Mazoezi ya alfajiri, sifa yake nzuri huku kwetu, kule Novemba yaachwe. Ndani ya teksi mwombe dereva afunge vioo na abonyeze kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Ukienda Agra siku ambazo serikali imetangaza hatua kali za kupunguza moshi, uliza kwanza gari ni la aina gani, kwani magari yenye injini za viwango vya zamani hupigwa marufuku mjini.

Mwenye pumu abebe dawa ya kuvuta kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini, pamoja na cheti cha daktari.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni hili. Ukurasa wa hali ya hewa unachapisha nyuzi joto za miji. Ongeza safu moja ya PM2.5 kwa Delhi, Mumbai, Guangzhou, Dubai, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Tunaiomba mikrogramu yenyewe, kwa sababu vipimo vya rangi na alama vinatofautiana nchi kwa nchi. Hewa yenye mikrogramu 50 hupewa alama 83 kwenye mizani ya India na kuitwa ya kuridhisha, wakati mizani ya Marekani huipa 137 na kuonya kwamba inadhuru wagonjwa, wazee na watoto. Msomaji mwenye programu mbili kwenye simu anaona majibu mawili, mwisho haamini hata moja.

Miji yetu tumeitaja kwa makusudi, maana nasi tunapokea wageni. Mfano ni Beijing, mji mkuu wa China: ilianza kuruhusu wasafiri wa kupita wakae saa 72 bila viza tarehe 1 Januari 2013, na kabla ya nusu ya mwezi moshi mkubwa ukafunika mji. Mwaka ule idadi ya wageni wake wa kigeni ilishuka kwa takriban asilimia 10. Wastani wake wa PM2.5 ulikuwa 89.5, kufikia 2021 ulikuwa 33, na dunia ilijua kwa sababu vipimo vilitangazwa kila saa. Kampala ina vifaa vya kupima hewa vya AirQo vilivyobuniwa Chuo Kikuu cha Makerere, kwa hiyo namba zake zipo. Kwa Dar es Salaam na Nairobi vituo bado ni vichache, na mgeni asiyekuta namba huamua kwa picha ya basi linalotoa moshi.

Namba itakayochapishwa iwe wastani wa saa 24 wa siku iliyotangulia. Ya saa moja hupanda na kushuka mno, na itakuwa imepitwa kabla gazeti halijafika mezani.

Wapangaji wa safari za matibabu na biashara,
Dar es Salaam