Barua kwa mpwa wangu anayejifunza kurusha glaida Ujerumani

Mpwa wangu,

Mwangaluka. Ujumbe wako wa siku nzima klabuni nimeusoma kwa sauti barazani hapa Isevya, mama yako akisikiliza huku anachambua mchele. Alikuwa na swali moja tu: injini ikizima angani, mtoto atafanyaje? Nilipomwambia kwamba ndege hiyo haina injini kabisa, hofu ikazidi. Kwa hiyo nakujibu hadharani, mama yako asome, na vijana wa Tabora wanaotamani urubani wasome pia.

Dada, glaida haidondoki kama jiwe. Hiyo glaida ya aina ya ASK 21 anayofundishiwa mwanao ina viti viwili, mkufunzi nyuma, mwanafunzi mbele, na mabawa yake yana upana wa mita 17 toka ncha hadi ncha. Hewa ikiwa tulivu, kila inaposhuka mita moja inakuwa imesonga mbele mita 34 hivi. Ukiwa juu ya uwanja wetu wa ndege kwenye kimo cha mita 1,000, unafika karibu nusu ya njia ya Sikonge kabla ya kugusa ardhi. Na ujuzi huo wa kuteleza bila injini umewahi kuokoa watu kwenye ndege kubwa. Mwaka 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilifanywa kwa ratili badala ya kilo. Nahodha wake, Bob Pearson, alikuwa rubani wa glaida. Aliitelezesha ndege hadi Gimli, mji wa Kanada, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi, na watu wote 69 waliokuwamo walipona.

Sasa nirudi kwako. Unalalamika kwamba ulifika klabuni saa mbili asubuhi, ukaondoka jua linazama, na umeruka mara tatu tu, kila mara dakika tano. Saa zilizobaki ulisukuma ndege za wenzako, ukavuta kebo ya winchi (mashine inayovuta glaida hadi ipande angani), ukashika bawa, ukaandika muda kwenye daftari. Umesema siku imepotea. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Anayeshika ncha ya bawa na kukimbia nalo hatua chache kabla ya kuruka ndiye anayeujua upepo wa ardhini siku hiyo: unatoka wapi, unakatika lini, unarudi na nguvu gani. Anayeandika muda anaona kwamba glaida iliyovutwa saa nne imerudi baada ya dakika tano, na ya saa saba imekaa juu nusu saa. Kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe, na huwezi kulipata ukiwa umefungwa mikanda.

Halafu kuna zoezi lile lililokutisha, mkufunzi alipoachia kebo ghafla mkiwa bado mnapanda, pua ikiangalia mbinguni. Sukuma usukani mbele, pua ishuke, subiri mwendo urudi, ndipo uchague: kutua moja kwa moja mbele au kuzunguka. Umeniandikia kwamba kabla ya kila kuruka mnatamka kwa sauti mtakachofanya kebo ikikatika. Tamka kwa moyo wako wote, hata mara ya mia. Pale juu muda wa kutafakari haupo.

Mimi nimetumikia kituo cha hali ya hewa miaka mingi, na ninaloliona kubwa katika barua yako ni kwamba injini ya glaida ni jua. Wewe umekulia kwenye anga hilo. Unakumbuka Septemba na Oktoba hapa, saa saba mchana, chamchela zinavyoinuka kwenye mashamba yaliyochomwa? Kile ni kitako cha hewa moto inayopanda. Vumbi linaishia njiani, hewa inaendelea. Mwewe wanaozunguka juu yake bila kupiga bawa wameshaipata. Juu kabisa, unyevu ukitosha, linaota wingu jeupe lenye kitako bapa. Huko uliko tafuta hayohayo: shamba lililolimwa karibuni, mapaa ya kijiji, wingu changa ambalo bado linakua. Linaloanza kuchanika kingo usilifuate, limekwisha. Na ukikuta glaida nyingine inazunguka humo, zunguka upande uleule wake, macho nje. Sindano ya variomita itakwambia unapanda kwa kasi gani, lakini kiti kitakusukuma kabla haijasogea.

Ule uzi wa sufu uliobandikwa kwenye kioo mbele yako, uheshimu. Ukilala upande, ndege inakwenda mshazari.

Wajerumani walijifunza haya kwa shida. Otto Lilienthal alikufa mwaka 1896 baada ya glaida yake kuanguka, lakini maandishi yake yakawasaidia ndugu Wright wa Marekani, waliokuja kurusha ndege ya injini, kuanza. Kenya, pale Mweiga karibu na Nyeri, imekuwapo klabu ya glaida. Tabora tuna tambarare, jua, na ardhi iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Tunachokosa ni watu wanaojua, na wewe unaweza kuwa wa kwanza.

Jumamosi ijayo niandikie mambo haya kwa kila ruko: saa, upande wa upepo, kitako cha mawingu kilikuwa kimo gani, variomita ilisoma ngapi. Na mpigie mama yako kabla hujaenda klabuni, si baada.

Mjomba wako,
Tabora