Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu walezi, wazazi na wageni waalikwa, tunakukaribisha kwa heshima kubwa.

Klabu yetu ilianza na darubini moja. Leo ni tegemeo la chuo katika kutafuta asili ya wanyama wavamizi, na wanachama wake wanapima mafuvu kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, kwa ustadi wa kupigiwa mfano.

Lakini mafuvu hayatoshi, Mheshimiwa. Kindi wa kijivu wa Amerika ya Kaskazini aliachiliwa Uingereza mwaka 1876, na baadaye Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, akampeleka Cape Town. Kwa kuwatazama tu, kindi wa Aberdeen, kule Scotland, na wa kusini mwa Uingereza ni walewale. Vinasaba ndivyo vilivyofichua kwamba wa Aberdeen wametokana na wale wa msitu wa New Forest ulio kusini, mwisho mwingine wa kisiwa. Yaani walibebwa na watu. Huwezi kuziba njia usiyoijua. Sisi tuna kunguru wa India, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890. Rangi ya shingo yake hutoa fununu ya alikotoka, kwani wa Myanmar ni mweusi zaidi na wa Pakistani amepauka, ila manyoya yakichakaa rangi hudanganya.

Kwa hiyo tunakata nyama ya mnyama ukubwa wa punje ya mchele na kuitia katika ethanoli ya asilimia 95, mara kumi ya ujazo wake. Kesho yake tunabadilisha ethanoli hiyo, maana maji ya nyama huizimua. Lebo ni ya penseli, wino huyeyuka. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, haiguswi, huharibu DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba.

Tunapokwama ni friza. DNA ikishatolewa inahitaji nyuzi 20 chini ya sifuri bila kupanda. Friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu hupata joto kila mara, na umeme ukikatika DNA huyeyuka, ikaganda tena, ikakatikakatika. PCR, njia ya kunakili DNA ili isomeke, haitoi kitu, na mnyama hayupo tena wa kurudiwa.

Mheshimiwa, friza hii tuliahidiwa katika sherehe kama hii, tukashukuru kwa dhati. Barua zetu za kukumbushia hazijajibiwa, na sampuli zinaendelea kuharibika. Kwa unyenyekevu tunaomba friza ya maabara ya lita 300, stabilaiza, na betri ya akiba ya kuivusha usiku mmoja. Tunaomba pia tarehe ya kuipokea itamkwe leo, mbele ya wazazi hawa.

Tunaomba kuwasilisha.