Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula wa kwanza

Ndugu mzazi/mlezi,

Nawashukuru mliofika Siku ya Wazazi. Mliokaa mbele, chini ya mbuyu, mlijionea kazi za watoto wa awali na darasa la kwanza. Ambao hamkufika mmekosa jambo kubwa, nami nitawasimulia.

Muhula huu walimu wa madarasa ya chini wamekuwa wakisoma kitabu cha picha na watoto, kisha kila mtoto anatengeneza kitu kwa mikono yake kutokana na hadithi ile. Vingi ni vitabu vya msaada, vya nchi za baridi, vinavyohusu majira ya kupukutika majani, yaani Septemba hadi Novemba kule Ulaya: miti iliyogeuka myekundu na ya njano, maboga mlangoni, kalunguyeye akijikusanyia majani ya kulalia msimu wote wa baridi. Baadhi yenu mlisema mambo hayo hayatuhusu. Sikubaliani nanyi. Mtoto wa Dodoma anaujua vizuri mti unaopukutika. Mvua zikishakatika, mibuyu yetu inabaki mitupu hadi karibu na msimu mwingine. Kule ni baridi na siku fupi, huku ni ukame, na pande zote mbili mti unaangusha majani usipoteze maji. Muulizeni mtoto wa darasa la kwanza, atawaeleza.

Majani makavu ya mbuyu, yale ya vidole vitano hadi saba, yamebandikwa kwenye manila kwa gundi ya uji wa unga. Kalunguyeye wamefinyangwa kwa udongo wa kichuguu, miiba yao ni njiti za ufagio. Mbayuwayu wamekatwa kwenye maboksi, maana wakiikimbia baridi ya Ulaya wapo wanaofika mpaka huku kwetu. Kuna binti wa awali ambaye mwezi Februari alikuwa hafungui mdomo darasani. Siku ile alisimama, kalunguyeye mkono mmoja, kitabu mkono mwingine, akafunua kurasa kwa kidole gumba kilichojaa udongo na kusimulia hadithi nzima mbele ya umati. Bibi yake alilia. Kwangu hayo ni matokeo, hata kabla hamjaangalia alama za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwenye ripoti.

Ujenzi wa choo cha wasichana umekamilika. Sare zishonwe likizo hii.

Sasa niseme lililoniudhi. Kitabu kimoja kilichoazimwa kwenda nyumbani kilirudi kurasa nne zimekatwa kwa mkasi. Mtoto alisema wazi kwamba picha zimebandikwa ukutani sebuleni. Tulimwita mzazi, hakuja. Tukamwita tena, akatuma ujumbe kuwa shule ina vitabu vingi. Havipo vingi! Kitabu kile kilikuwa kimoja tu, na watoto waliokuwa wakingoja zamu yao hawatakisoma. Kazi za mikono tunafanya kwa majani, udongo na maboksi yaliyotupwa. Hakuna mwalimu aliyemwagiza mtu akate kitabu.

Chakula. Tulikubaliana kwenye mkutano, mkanyoosha mikono wenyewe: debe la mahindi na maharage kwa kila mtoto. Zaidi ya nusu hamjaleta. Elimu bila malipo iliyoanza 2016 haikumwondolea mzazi jukumu la kumlisha mwanawe. Hatujamnyima mtoto yeyote uji, na ndiyo maana ghala lilibaki tupu kabla muhula haujaisha, wakaumia hata watoto wa wale waliotoa. Sasa mmevuna. Mtama umo ndani, alizeti inakamuliwa. Sitapokea kisingizio cha njaa mwezi Julai.

Na kila siku ya mnada madawati ya darasa la nne na la tano yanabaki wazi, watoto wakiswaga mbuzi wa baba zao. Mahudhurio yameandikwa siku kwa siku. Atakayerudia, jina lake nitalifikisha kwa mtendaji wa kijiji, na sitamwita kwanza ofisini kwangu.

Likizo hii kila mtoto wa madarasa ya chini akusanye majani makavu, mbegu za maboga na maganda ya mabuyu kwa kazi za muhula ujao. Aokote yaliyoanguka. Asivunje matawi, wala asiingie kwenye shamba la zabibu la mtu.

Vitabu vyote vilivyoazimwa virudi siku ya kwanza ya kufungua shule. Mzazi wa kile kilichokatwa aje mwenyewe na kurasa zile nne.

Mwalimu Mkuu