Kabla hatujauza ng'ombe kwa ajili ya sindano ya goti

Mhariri,

Naandika kuhusu lile tangazo la nusu ukurasa lililotoka katika gazeti lako, lenye picha ya bibi anayecheza ngoma na maneno makubwa kwamba goti litaota upya bila kisu. Kliniki iliyolipia tangazo hilo inasema sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, inarudisha gegedu lililolika, ile nyama ngumu nyeupe inayoteleza kwenye ncha za mifupa. Mimi ni muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, naishi hapa Bombo, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha nikiwapa madaktari wa mifupa vyombo mkononi. Magoti yangu mwenyewe siku hizi yananisema kila nikiinuka kwenye mkeka wa swala. Kwa hiyo tangazo lile lilinihusu pande zote mbili.

Aliyeniletea gazeti ni jirani yangu, sajini mstaafu. Alinionyesha kwa kidole, akasema, "Sista, nisomee vizuri hapa. Wanasema mafuta ya goti yanarudi. Nina ng'ombe wawili kule Nakasongola, niuze?" Nikamwambia, "Afande, waache kwanza wale majani." Hakulipenda jibu hilo, maana alitaka ndiyo au hapana. Nililomweleza baadaye, tukinywa chai, ndilo ninalotaka na wasomaji wako walisikie.

Mfupa unajiponya. Ukivunjika, damu inaganda pale, seli zinaingia, linajengwa gamba laini, halafu linakuwa gumu, na baada ya miezi mwili wenyewe unalichonga likae sawa. Gegedu halina mishipa ya damu. Seli zake ni chache, na chakula chake ni ute wa kiungo unaoingia na kutoka tunapotembea. Daktari William Hunter aliandika kule London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Tangu hapo watu wengi wenye akili wametafuta njia ya kumpinga, na wamefika mbali kidogo, si mbali kama tangazo linavyodai.

Kuota kwa mfupa nimekuona kwa macho yangu. Wanaofanya kazi katika hospitali zetu za Uganda wanamjua yule mtoto mwenye usaha wa mfupa: ameshikwa mkono na mama yake, kidonda kwenye muundi kimetoboka na kinavuja, na wameshapita kwa kila mganga wa njiani. Ukimpiga picha unakuta kipande cha mfupa kilichokufa, na kukizunguka pande zote mfupa mpya umeota kama ala ya kisu. Kazi ngumu ya daktari hapo ni kungoja. Akikitoa kile kilichokufa kabla ala haijakomaa, mtoto atabaki na mguu usio na nguzo. Daktari wetu mmoja alikuwa akiinua picha dirishani, anaitazama, anasema "bado", na mama anarudishwa nyumbani na dawa, akinung'unika. Akirudi baadaye, ala imekuwa nene, kile kipande kinatolewa, na mtoto anatembea. Hospitali ya CoRSU pale Kisubi, iliyofunguliwa mwaka 2009, inatibu watoto wa namna hiyo mpaka leo.

Kuna pia mfupa wa kupandikiza. Muundi wa kijana wa boda boda ukikataa kuunga, daktari anachota mfupa laini wenye uboho kwenye ukingo wa nyonga yake mwenyewe na kuujaza kwenye pengo. Aliyekuwa anaulinda ni mimi. Unawekwa kwenye bakuli, unafunikwa kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, na ole wake mwanafunzi atakayeumwagia dawa ya kuua vijidudu au atakayeuacha ukauke, maana ndani yake mna seli, na zikifa umepandikiza changarawe. Hizo nazo ni seli hai, Mhariri, na sijapata kusikia zikitangazwa redioni.

Halafu kuna njia ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, ambaye alifunga pete za chuma kuzunguka mguu, akaukata mfupa kwa uangalifu, kisha akaanza kuvitenganisha vile vipande viwili milimita moja kwa siku, robo milimita kila mara. Katika nafasi inayofunguka panaota mfupa mpya. Ukiharakisha, hauoti. Ukichelewa, unaunga kabla ya wakati. Nati za pete hizo hukazwa kwa spana namba kumi, ileile aliyo nayo fundi wa pikipiki, na mgonjwa anafundishwa kuzizungusha mwenyewe kitandani. Ndiyo maana nashangaa tunapoambiwa kwamba tiba ya kuotesha mifupa ni jambo jipya linaloletwa kwa ndege. Lipo siku nyingi. Linachukua miezi, linataka usafi na lishe, na halina picha nzuri ya kuweka gazetini.

Sasa gegedu. Mwaka 1994 madaktari wa Göteborg, Sweden, walichapisha habari za wagonjwa 23 waliochukuliwa kipande kidogo cha gegedu, seli zake zikazalishwa maabara kwa wiki kadhaa, kisha zikarudishwa gotini kwa upasuaji wa pili. Wagonjwa 16 walikuwa na shimo kwenye ncha ya mfupa wa paja, na 14 kati yao walipata nafuu nzuri. Saba walikuwa na tatizo nyuma ya kilegesambwa, na hao waliofaulu walikuwa wawili tu. Marekani iliruhusu aina iliyoboreshwa ya tiba hiyo mwaka 2016. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini angalia ni ya nani: mtu ambaye goti lake ni zima isipokuwa pale penye shimo moja, mathalani mchezaji aliyeumia. Si ya afande wa miaka sabini ambaye gegedu limekwisha pande zote na miguu imepinda. Na si sindano ya kuchomwa asubuhi ukarudi kwa teksi mchana.

Kuhusu sindano zenyewe, zimepimwa. Kule Australia watu 288 wenye magoti yaliyolika waligawanywa, wengine wakachomwa chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zilizokamuliwa kutoka kwenye damu yao, wengine maji ya chumvi matupu, bila kujua nani amepata nini. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Baada ya mwaka mzima, kwenye kipimo cha maumivu cha kumi, waliochomwa chembe sahani walishuka kwa pointi 2.1. Waliochomwa maji ya chumvi walishuka kwa 1.8. Tofauti hiyo si kitu, na gegedu halikunenepa kwa yeyote. Mwaka 2023 Wamarekani nao wakatoa majibu ya watu 475: wengine walipewa seli za uboho wao, wengine za mafuta ya mwili wao, wengine seli za kitovu cha mtoto, na wengine kotizoni, ile dawa ya kawaida ya kutuliza uvimbe inayopatikana hospitali nyingi. Mwaka ulipokwisha, hakuna aina ya seli iliyoishinda kotizoni. Wala kotizoni yenyewe isigeuzwe uji wa kila asubuhi. Ikichomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba inapunguza gegedu bila kuleta nafuu kuliko maji ya chumvi.

Naomba wasomaji wayakumbuke yale maji ya chumvi kila wanaposoma ushuhuda. Goti bovu lina siku zake: likizidi unakimbilia kliniki, na likishazidi mara nyingi lingepungua tu. Yule bibi wa kwenye picha huenda anacheza kweli, sina sababu ya kumwita mwongo. Waunga mifupa wetu wa kijijini wamekula kuku wengi kwa njia hiyohiyo, wakisifiwa kwa kazi iliyofanywa na mfupa wenyewe.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni usafi. Mwishoni mwa mwaka 2018 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza kwamba wagonjwa 12 walilazwa hospitali baada ya kuchomwa dawa iliyotengenezwa kutokana na damu ya kitovu. Vijidudu vilikuwamo ndani ya chupa zenyewe. Hiyo ni Marekani, yenye wakaguzi na maabara. Hapa kwetu, umeme ukikatika usiku kucha, friji ya kliniki ile ya ghorofa ya pili inalindwa na nani? Kiungo kilichopata usaha nimekiona kikifunguliwa mara nyingi. Ni dharura, na gegedu kidogo lililokuwa limebaki huliwa kwa siku chache.

Nisieleweke vibaya, sipingi seli. Kuna mahali pamoja ambapo ningependa Uganda ijitahidi kweli, nako ni kwa vijana wetu wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu. Uchunguzi wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 13.3 kati ya kila 100 wamerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu, na 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Baadhi yao, wakiwa bado shuleni, kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kufa. Philippe Hernigou, daktari wa Créteil karibu na Paris, amewatibu wagonjwa wa namna hii kwa kuchota uboho wa nyonga, kuuzungusha kwenye mashine ili seli zikusanyike, na kuuingiza kwenye tundu lililotobolewa katika kichwa cha paja. Taarifa yake ya mwaka 2002 inasema wazi kwamba matokeo mazuri yalikuwa kwa wale waliowahi, kabla kichwa hakijaporomoka. Binti wa miaka kumi na tisa anayechechemea Luweero hana pesa za kumvutia mwenye kliniki. Wazee wenye ng'ombe ndio wanaotafutwa.

Kwa magoti kama yangu kuna mambo ya kuchosha: kuimarisha misuli ya paja kila siku, kupunguza uzito, fimbo ishikwe mkono wa upande ulio kinyume na goti bovu (wengi wanakosea hapa), panadoli au dawa ya kupaka, na mwisho kabisa goti la bandia kwa anayeweza kulimudu. Nayafanya ya kwanza. La uzito tunaendelea kuzozana na chapati.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba tangazo la tiba lisichapwe bila jina la daktari anayewajibika na namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari, na bila kusema kama Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa imeikubali dawa hiyo. Wakisema ni utafiti, waonyeshe kibali cha kamati ya maadili, na waeleze kwa nini anayefanyiwa majaribio ndiye anayelipa. Pia umtume mwandishi wako awafuate wagonjwa wao baada ya mwaka, si baada ya wiki mbili. Na kliniki ile ikiwa na majibu, iyaandike hapahapa kwenye ukurasa wa barua, ambako nafasi hailipiwi.

Muuguzi mstaafu,
Bombo, Luweero